Nyama isiyomfaa mtu, je, inamfaa mbwa?

Katika mabucha mengi ya Afrika Mashariki, mteja anayeagiza "nyama ya mbwa" hamshangazi mtu. Muuzaji anaelewa mara moja kwamba mteja anataka nyama ya kumpelekea mbwa wake nyumbani: vipande vya mafuta, mishipa, mapafu, mifupa, na mara nyingine mnofu uliolala siku mbili tatu na kuanza kubadilika rangi. Bei yake ni ya chini, na siku nyingine hutolewa bure ili isijaze pipa la taka.

Majumbani hali ni hiyo hiyo. Mchuzi uliochacha, nyama iliyoharibika kwenye friji baada ya umeme kukatika, kuku aliyekutwa amekufa bandani asubuhi, vyote humwendea mbwa. Kwenye familia za Kiislamu, mnyama aliyekufa kabla ya kuwahiwa kisu ni kibudu na haliwi, na mahali pengi nyama yake huishia kwa mbwa wa mlinzi au wa jirani. Sababu inayotolewa ni moja kila mahali: mbwa ni mbwa, tumbo lake halichagui.

Je, ni kweli? Jibu fupi ni kwamba nyama iliyoharibika si salama kwa mbwa, ingawa mbwa wengi huila na kuamka wazima kesho yake. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu nyama yenye hatari kubwa kuliko zote katika ukanda huu haina harufu mbaya. Ni ini au pafu bichi, safi kwa macho, linalotupiwa mbwa dakika chache baada ya mnyama kuchinjwa. Anayeumia kwa nyama hiyo huwa si mbwa. Ni mwenye mbwa, na mara nyingi ni mtoto wake.

Tumbo la mbwa na mipaka yake

Imani kwamba mbwa ana tumbo gumu haikuzuka hewani. Mbwa ni wa ukoo wa wanyama wanaowinda na kula mizoga. Tumbo lake hutoa asidi kali inayoua vijidudu vingi, utumbo wake ni mfupi ukilinganishwa na wa binadamu, na hutapika kwa urahisi anapokula kitu kisichomkubali. Kutapika huko ni kinga yake ya kwanza.

Hata hivyo, anayetoa mfano wa mbwa wa mitaani wanaokula jalalani bila kuugua anawahesabu waliobaki tu. Waliokufa kwa kuhara na kutapika wakiwa wadogo hawaonekani mtaani. Mtoto wa mbwa, mbwa mzee, jike lenye mimba na mbwa mwenye maradhi mengine hawana uwezo wa mbwa mzima mwenye afya. Naye mbwa aliyezoeshwa ugali na dagaa kila siku hawezi kupewa ghafla kilo ya nyama iliyovunda akabaki salama kwa sababu tu ya ukoo wake.

Lipo jambo la pili ambalo watu hulisahau. Mbwa anaweza kula nyama yenye bakteria wa salmonela, asiugue hata kidogo, kisha akawatoa bakteria hao kwenye kinyesi chake kwa siku kadhaa. Wanabaki kwenye manyoya, kwenye bakuli lake na kwenye sakafu anapolala. Mtoto anayetambaa hapo na kutia mkono mdomoni hana tumbo la mbwa.

Moto hauondoi kila kitu

Nyama huharibika kwa sababu bakteria huongezeka. Wanazaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, na hali ikiwafaa idadi yao huweza kuwa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Ndiyo maana kanuni ya usalama wa chakula inataka nyama isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 isizidi saa moja. Katika miji kama Mombasa, Dar es Salaam au Juba, saa hiyo moja hupita kabla mteja hajafika nyumbani kutoka sokoni.

Umeme unapokatika, friji iliyofungwa hulinda chakula kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kufika saa 48. Nyama iliyoyeyuka ikapata joto kisha ikaganda tena umeme uliporudi haikurudi kuwa nzima. Baridi huwasimamisha bakteria wengi bila kuwaua.

Wengi hudhani dawa ya yote hayo ni kuchemsha. Kuchemsha kunasaidia sana, kwani bakteria wenyewe hufa. Tatizo ni kwamba baadhi yao huwa wameshaacha sumu ndani ya nyama, na sumu haifi kwa kuwa haina uhai. Sumu ya bakteria aitwaye stafilokoka, kwa mfano, huvumilia maji yanayochemka. Ile ya botulizimu huvunjwa na moto wa kutosha, lakini mbegu za bakteria wake hubaki, na nyama ikiachwa tena kwenye sufuria iliyofunikwa zinaweza kuamka na kutengeneza sumu mpya. Botulizimu si ya kawaida kwa mbwa, ila humpata anayekula mizoga. Huanza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma, kisha hupanda mpaka mbwa akashindwa kusimama, na hali ikiwa mbaya hushindwa kupumua.

Ukungu nao una sumu yake. Aina fulani zinazoota kwenye makombo humfanya mbwa atetemeke mwili mzima. Sumukuvu, ile inayopatikana kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, huharibu ini, na moto wa kusonga ugali hauiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317 na kuua 125 kati yao. Mwishoni mwa mwaka 2005 nchini Marekani, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa sumu hiyo hiyo iliyoingia kwenye chakula cha mbwa cha kiwandani. Kwa hiyo familia inayotenga unga ulioota ukungu kwa ajili ya mbwa inampa kitu ambacho hata kampuni yenye maabara haikuweza kukifanya salama.

Mabaki ya karamu yana hatari nyingine zisizohusu kuoza. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho la mbwa na kumuua. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Vitunguu vilivyomo kwenye mchuzi huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Akishakula

Mbwa aliyekula nyama mbovu huanza kwa kutapika na kuhara, hukataa chakula na kujikunyata. Akiwa mzima kiumbo na dalili ni nyepesi, apumzishwe bila chakula kwa saa kadhaa, apewe maji kidogo kidogo, na mara nyingi hupona.

Dalili zifuatazo hazingojewi hadi kesho: damu kwenye matapishi au kinyesi, homa, tumbo kujaa na kuwa gumu, kutetemeka, miguu kulegea, au kutapika kusikokoma. Mtoto wa mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema zaidi, maana hukaukiwa maji mwilini kwa muda mfupi. Anayempeleka abebe mabaki ya alichokula au aeleze vizuri kilikuwa nini na kilikaa muda gani.

Yapo pia ya kuepuka. Kumnywesha mbwa maji ya chumvi, mafuta ya kupikia au maziwa ili atapike kunaweza kumzidishia. Dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni na parasetamoli, zinaweza kumdhuru ini, figo au tumbo. Mbwa wengi wamepona nyama wakauawa na tiba.

Kibudu na mzoga usiojulikana

Kuna tofauti kati ya nyama iliyochinjwa ikachelewa na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Ya kwanza inajulikana ilikotoka. Ya pili ina swali ambalo halijajibiwa: mnyama huyo alikufa kwa nini?

Ugonjwa unaoogopwa zaidi hapo ni kimeta. Ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye kimeta anaweza kuanguka na kufa ghafla. Damu nyeusi isiyoganda huweza kutoka puani, mdomoni na nyuma, mwili haukakamai kama kawaida, na tumbo huvimba haraka. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujifunga kwenye mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo kadhaa, zikisubiri mnyama mwingine aje kulisha hapo.

Mbwa ana ustahimilivu mkubwa kuliko ng'ombe mbele ya kimeta, ingawa huweza kuugua na kuvimba koo. Ustahimilivu huo ndio unaowadanganya watu. Mbwa aliyepasua mzoga hubeba vipande, huvizika nyuma ya nyumba, hurudi na damu mdomoni, na mwenye nyumba humpapasa. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zimewahi kukumbwa na kimeta, na mara kwa mara chanzo cha maambukizi kwa watu huwa ni nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe ambayo mtu aliona ni hasara kuitupa. Mzoga unaotiliwa shaka huachwa kama ulivyo, hulindwa dhidi ya mbwa na fisi, na afisa mifugo huitwa kusimamia uzikwe kwenye shimo refu au uchomwe.

Sumu ni shaka ya pili. Baadhi ya watu hutia dawa za kuua wadudu kwenye mzoga ili kulipiza kisasi kwa simba au fisi aliyekula mifugo. Desemba 2015, simba wa kundi maarufu la Marsh katika Maasai Mara walikufa baada ya kula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Tai hufa hivyo hivyo, na mbwa wa mchungaji hawezi kuutofautisha mzoga huo na mwingine wowote. Mnyama aliyekufa baada ya kudungwa dawa nyingi naye asipewe mbwa.

Kwa kuku waliokufa bandani kanuni haibadiliki. Mbwa huenda asipatwe na mdondo, lakini atawasambaza manyoya na mabaki hadi kwenye banda la jirani.

Hatari isiyonuka

Mchinjaji yeyote mzoefu amewahi kupasua mbuzi au kondoo akakuta kwenye ini au pafu vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine vidogo kama punje ya mahindi, vingine vikubwa kama yai au zaidi. Kwa macho ya wengi hayo ni maji tu. Sehemu hiyo hukatwa, na mbwa aliyekaa pembeni akisubiri hutupiwa.

Vifuko hivyo ni hatua ya maisha ya mnyoo aitwaye kitaalamu Echinococcus granulosus, na ugonjwa wake kwa binadamu huitwa haidatidi. Ndani ya kifuko kimoja mna vichwa vingi vya minyoo michanga. Mbwa akikila kibichi, kila kichwa kinaweza kujishika kwenye utumbo wake na kuwa mnyoo mzima wa milimita chache tu, mfupi kuliko punje ya mchele. Mbwa haoneshi dalili yoyote. Anakula, anabweka na kulinda kama kawaida. Baada ya takriban wiki sita, minyoo huanza kutoa mayai yanayotoka na kinyesi.

Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hubaki kwenye majani, kwenye maji ya bwawa, kwenye mboga za bustani na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe, na penye unyevu na ubaridi huishi kwa miezi. Kondoo akiyala pamoja na majani, vifuko vinaota ndani yake na mzunguko unaanza upya. Mtu akiyameza, vifuko vinaota ndani ya mtu.

Mara nyingi huota kwenye ini, kisha kwenye mapafu, na mara chache kwenye ubongo, mifupa au figo. Hukua polepole, na mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila kujua. Mtoto aliyeambukizwa akiwa na miaka mitano huenda akaanza kuhisi uzito tumboni akiwa kijana. Kifuko kikipasuka mwilini, maji yake yanaweza kuleta mshtuko unaoua. Tiba ipo: dawa ya albendazoli, kunyonya maji ya kifuko kwa sindano maalumu, au upasuaji mkubwa. Zote zinahitaji hospitali yenye wataalamu, na watu wanaoathirika zaidi ndio wanaoishi mbali zaidi na hospitali hizo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja duniani wanaishi na magonjwa ya jamii hii ya minyoo kwa wakati mmoja. Linataja Afrika Mashariki miongoni mwa maeneo ambako kiwango katika jamii fulani huweza kufika asilimia 5 hadi 10, pamoja na sehemu za Argentina, Peru, Asia ya Kati na China.

Somo la Turkana

Kwa miaka mingi, kaskazini magharibi mwa Kenya ndiko kulikorekodiwa kiwango kikubwa kuliko vyote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba katika sehemu hiyo ya Turkana wagonjwa wapya walifikia 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Sababu zilieleweka mara watafiti walipotazama maisha ya kila siku. Mbwa aliishi karibu sana na familia. Alilala ndani ya kibanda usiku, alilinda mifugo, na mahali ambako maji hufuatwa mwendo wa saa nyingi, ulimi wake ulitumika kumsafisha mtoto mchanga. Siku ya kuchinja, matumbo na viungo visivyotakiwa vilikuwa haki yake. Hakuna aliyekuwa akifanya uzembe. Kila desturi ilikuwa na maana yake, ila zilipokutana zilimpa mnyoo njia iliyonyooka kutoka kwa mbuzi hadi kwa mtoto.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa huo kuanzia eneo la Lokichoggio. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli, wasiotakiwa walipunguzwa, wafugaji walielimishwa kuhusu vifuko, na wagonjwa walitafutwa kwa mashine za ultrasaundi za kubebeka kisha wakafanyiwa upasuaji. Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi kwa watu kilishuka, ingawa ugonjwa haukuisha.

Sehemu ya sababu ya kutokuisha ni mipaka. Uchunguzi wa ultrasaundi wa miaka ya 1980 miongoni mwa wafugaji ulikuta ugonjwa huo katika nchi za Kenya, Sudan, Ethiopia na Tanzania. Waturkana wa Kenya, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia na Wakaramojong wa Uganda hukutana kwenye malisho na visima vile vile, wakati wa amani na wakati wa ugomvi. Mifugo ikivuka, mbwa wa wachungaji huvuka nayo. Nchi moja ikiwatibu mbwa wake na jirani asifanye hivyo, msimu mmoja wa ukame unatosha kurudisha mayai kwenye malisho yaliyokuwa yamesafishwa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limewarahisishia watu na bidhaa kuvuka. Ratiba za kuwatibu na kuwachanja mbwa katika wilaya za mpakani nazo zinahitaji kupangwa kwa pamoja, maana mwaka wa mnyoo haufuati bajeti ya nchi yoyote.

Ini lililokataliwa linakwenda wapi?

Nchi zote za ukanda huu zina utaratibu wa kukagua nyama. Mkaguzi hupasua ini na mapafu, huangalia, hukata sehemu mbovu na kugonga muhuri kwenye mnofu unaofaa. Mlaji analindwa. Lakini kazi hiyo hukamilika tu pale ini lililokataliwa linapofikishwa mahali ambako mbwa hawezi kulipata. Machinjio mengi madogo hayana uzio wala shimo lenye mfuniko. Kilichokataliwa hutupwa nyuma ya jengo, na mbwa wa mtaa mzima wanajua saa ya kuja. Kwa namna hiyo, ukaguzi unamwondolea mtu kifuko asichoweza kuambukizwa kwa kukila, kisha unampa mbwa ambaye ndiye anayehitajika na mnyoo.

Kuchinja nyumbani kuna pengo kubwa zaidi, kwani mkaguzi hayupo kabisa. Wakati wa Idi ya kuchinja, Krismasi, harusi na misiba, wanyama wengi huchinjwa kwa siku moja na matumbo huzagaa. Siku hizo za furaha na za majonzi ndizo mbwa hushiba viungo vibichi kuliko siku nyingine zote.

Majalala hayo yanalisha tatizo jingine pia. Chakula cha bure huongeza mbwa wasio na mwenyewe, ambao hawachanjwi. Kwa mujibu wa WHO, asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na ili kuukata ugonjwa huo inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Lengo la dunia ni kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Kufukia matumbo ya machinjioni ni kazi ya jembe, lakini inasaidia vita zote mbili.

Waliofaulu walianzia hapo

Iceland ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya na haidatidi katika karne ya 19. Miaka ya 1860 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, alichunguza mbwa na kondoo wa huko, akaandika kijitabu kilichogawiwa majumbani kueleza kwamba vifuko vya ini visipewe mbwa. Sheria za kuwatibu mbwa na kuangamiza viungo vyenye vifuko zilifuata. Ugonjwa uliokuwa wa kawaida ukatoweka nchini humo.

New Zealand, nchi yenye kondoo wengi kuliko watu, iliweka sheria mwaka 1959 iliyokataza kuwalisha mbwa viungo vibichi, ikaongeza ukaguzi na tiba kwa mbwa, na mwaka 2002 ikatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Jimbo la Tasmania nchini Australia lilianza mwaka 1964 na kufikia hatua hiyo mwaka 1996. Iceland haikuwa na chanjo wala ultrasaundi ilipoanza. Ilianza na kumwambia kila mwenye kisu kwamba ini lenye vifuko si la mbwa. Mifano hiyo inaonyesha pia kwamba kazi hii huchukua miongo, na serikali inayotafuta matokeo ndani ya miaka mitatu itaiacha njiani.

Ampe nini basi?

Familia inayokula nyama mara moja kwa wiki haiwezi kuambiwa imnunulie mbwa mnofu wa bucha. Wala haihitaji. Tofauti na mbwa mwitu, mbwa wa nyumbani amebadilika na kuweza kusaga wanga vizuri, kama ulivyoonyesha utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2013. Ugali wa unga mzima usio na ukungu, dagaa waliochemshwa, yai, na mabaki ya mboga yasiyo na vitunguu vinamfaa, na nyama huongezwa inapopatikana.

Matumbo na mapafu ya bei nafuu yanaweza kuendelea kuwa chakula chake kwa sharti la moto. Utafiti umeonyesha kwamba kuchemsha maini na mapafu kwa dakika 30 kunatosha kuua vichwa vya mnyoo vilivyomo kwenye vifuko. Dakika hizo zinahesabiwa tangu maji yaanze kuchemka, na vipande vikatwe vidogo. Kiungo chenye vifuko vingi ni afadhali kichomwe au kifukiwe kwenye shimo refu lililofunikwa kwa mawe ili mbwa asikifukue.

Mabaki ya mezani yapewe mbwa siku hiyo hiyo. Yaliyonuka, yaliyoota ukungu au yaliyolala nje usiku kucha yafukiwe. Mzoga wa mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana usiguswe kabla ya mtaalamu kuuona. Bakuli la mbwa lisioshwe pamoja na vyombo vya familia, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza naye, kila mara kabla ya kula.

Dawa ya minyoo nayo iwe ile inayofaa. Si kila dawa ya minyoo inaua huyu wa haidatidi. Inayotumika ni prazikwanteli, na katika maeneo yenye ugonjwa WHO inapendekeza mbwa apewe angalau mara nne kwa mwaka. Siku zinazofuata baada ya dawa, kinyesi chake kikusanywe na kuchomwa au kufukiwa, maana minyoo inayokufa hutoka na mayai yake.

Mwenye mbwa anayetaka kanuni moja ya kukumbuka anaweza kujiuliza maswali mawili kabla ya kumtupia kipande: mnyama huyu alikufa vipi, na nyama hii imeshapata moto? Akikosa jibu la swali la kwanza, aifukie. Akiwa nalo, na jibu la pili ni bado, airudishe kwenye sufuria kwa nusu saa.